Maswali yenu: mkojo wa damu na kipimo cha seli

Shikamoo dokta, baba angu yuko Muheza anakojoa damu ila haimuumi, watu wanasema kichocho tu, si anywe dawa yaishe?

Marahaba mwanangu. Dawa anywe, prazikwanteli inaua minyoo, ila kansa kama imeshaanza haiigusi. Mayai ya kichocho yakikaa miaka na miaka kwenye ukuta wa kibofu panachubuka panapona panachubuka tena, mwisho seli zinageuka kuwa za magamba na hapo ndo inaweza kuzaliwa kansa ya skwamasi. Ulaya na Marekani hiyo ni adimu, kule karibu kansa 9 kati ya 10 za kibofu ni za yurothelia, yaani utando wa ndani wa kibofu, sisi wa huku tuliokulia mitoni na kwenye majaruba ya mpunga ya Mombo tusiichukulie ya mbali. Na damu isiyouma ndo inayonitisha zaidi, mpeleke wiki hii.

Huko maabara wanaona nini kwenye mkojo?

Mkojo unazungushwa kwenye mashine, machicha yanapakwa kwenye kioo yanatiwa rangi ya Papanicolaou, huyo ndo daktari aliyeandika na mwenzake Marshall kuhusu kipimo hiki mwaka 1945. Skwamasi inavaa rangi ya chungwa kali, kiini cheusi hakina mpangilio, na nyingine zina mkia kama kiluwiluwi, ukiziona huzisahau. Adenokasinoma, yaani kansa ya seli za tezi, ina matone ya ute ndani ya seli. Kuna na ile ya seli ndogo, adimu sana na inakimbia vibaya, hapo seli karibu yote ni kiini na zimebanana mpaka zinapindana.

Majibu yangu yametoka safi, nimepona?

Hapana jamani! Kipimo hiki ni kizuri kwa kansa kali ila zile za daraja la chini zinapita hazionekani, seli zake zinafanana mno na za kawaida. Damu ikiendelea omba kamera ya kibofu na kinyama kikatwe kipimwe, aina yenyewe inathibitishwa hapo.

Nilete mkojo wa alfajiri?

Ule wa kwanza umwage, seli zimeloweka usiku kucha zimeharibika, leta unaofuata tena ukiwa mbichi, ukichelewa weka friji. Wa kutafuta mayai ya kichocho ni mwingine, huo toa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana.