Muulize Mwalimu: Kichochoro, mfereji na tumbo la msikiti

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, nasoma Malindi. Huku bwenini tuna mchezo: mmoja anarusha picha kwenye kikundi cha WhatsApp, wengine tunakisia ni wapi kabla ya dakika mbili kwisha. Juzi nilijibu "Mji Mkongwe, Unguja", kumbe picha ilikuwa ya Lamu! Wenzangu hawajaniacha hadi leo. Nakutumia picha yenyewe. Nilikosea wapi? Tena, kwenye GeoGuessr, mchezo wa mtandaoni wa kukisia picha ni ya wapi, naona vijana wa Ulaya wanaitambua Kenya kwa sekunde moja. Wanaangalia nini?*
— Msomaji, Malindi

Marahaba, mwanangu. Picha nimeikuza mpaka mwisho, nimekaa nayo tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Usione haya. Mlango wa kuchonga, ukuta wa mawe na njia ya kupishana watu wawili utavikuta Unguja, utavikuta Mombasa, na huku viko. Wewe uliuona mlango ukaishia hapo.

Tazama juu ya yule punda. Kuna chumba kimekatiza njia, kimelalia nyumba ya huku na ya kule, na boriti zake zinaonekana kwa chini. Hilo ni wikio, nawe umepita chini ya mawikio tangu ukibebwa mgongoni. Kushoto, mbele ya mlango, ukuta umeingia ndani na kuna viti viwili vya mawe vinavyotazamana: daka. Punda naye ana shogi la mchanga, na miguu yake inaukwepa mfereji wa maji ulio wazi. Kimoja kimoja hakitoshi, ila vikikutana vyote katika picha moja, mimi sihitaji dakika mbili.

Sasa ufuate huo mfereji, maana hapo ndipo picha yako ilinipa raha. Maji yanakwenda kule kwenye mwanga. Mji wetu umekaa mteremkoni na maji yake hushukia pwani. Pwani iko mashariki, na kisiwa cha Manda ng'ambo ya mkondo. Basi mpiga picha alikuwa ameelekea mashariki. Je, tuna shahidi wa pili? Angalia kulia, hatua kumi hivi mbele ya punda: ukuta umetoa tumbo la mviringo, halina mlango wala dirisha. Hiyo ni mihrabu ya msikiti kwa nje, pale anaposimama imamu, nayo huelekea kibla, yaani upande wa Makka. Kibla yetu ni kaskazini, hata wazee wetu wakitaja upande wa kaskazini husema "kibla" tu. Msikiti uko kusini mwa njia, tumbo lake limetokeza kaskazini, na kaskazini ya mtu aliyeelekea mashariki ni mkono wake wa kushoto. Mfereji na mihrabu vimekubaliana.

Hilo la mihrabu lishike sana, litakufaa hata kwa picha za mbali. Kairo kibla iko kusini-mashariki, London vilevile. Ukipata msikiti na dira pamoja, umeshapunguza nusu ya ramani.

Kwa vivuli, hapo nakuonya. Wachezaji wengi hufundishwa kwamba jua la adhuhuri likiwa kusini, uko upande wa kaskazini wa ikweta, na likiwa kaskazini, uko upande wa kusini. Kwa Ulaya ni kweli mwaka mzima. Kwetu haifai. Lamu iko kama digrii 2 tu kusini mwa ikweta. Nilipokuwa nikifundisha jiografia, niliwapandisha wanafunzi darini na kijiti kimoja, tukakisimamisha kila mwezi jua likiwa utosini. Juni kivuli kililala kusini. Mwisho wa Septemba kijiti hakikuwa na kivuli, na watoto wakawa wanakizunguka kukitafuta. Desemba kikalala kaskazini. Kwa hiyo picha ya pwani yetu ukiikisia kwa kivuli bila kujua mwezi, utajikuta Uhispania.

Ama hao wa sekunde moja. GeoGuessr ilianza Sweden mwaka 2013 na inatumia picha za barabarani za Google. Raundi ni 5, kila moja hadi pointi 5,000. Gari lililopiga picha nyingi za Kenya lina bomba jeusi la kuvutia hewa lililosimama kando ya kioo cha mbele, nalo huonekana ukitazama chini. Wakiliona bomba, wanabonyeza Kenya. La Ghana wanalijua kwa utepe mweusi kwenye reli ya paa. Ni ushindi, siukatai, lakini mtu huyo amelijua gari. Nchi hajaiona. Mimi ningependa ujifunze mibuyu na udongo mwekundu wa njia ya Tsavo, mapaa ya makuti, na upande wa kuendeshea: Kenya, Uganda na Tanzania ni kushoto, ukivuka kuingia Rwanda au Ethiopia ni kulia.

Likizo ukirudi, uanzie Langoni kwenu. Piga picha za misikiti kwa nje, uzipange kwa kibla.

*Mwalimu, binti yangu aliweka picha yake akiwa mlangoni kwetu. Mtu asiyemjua akaandika jina la mtaa wetu. Je, nihofu?*
— Mama, Shela

Ndiyo dadangu, kidogo. Umeona hapo juu mimi mzee nilivyosoma kichochoro kizima kutoka picha moja. Ifuteni hiyo ya mlangoni. Kisha fungueni mipangilio ya kamera ya simu na mzime alama ya mahali, kwa sababu picha inaweza kubeba latitudo na longitudo ndani yake bila mpigaji kujua. Na binti akitaka kupiga picha nyumbani, apige penye ukuta mtupu.