Mwanangu aliuliza kwa sauti ndani ya daladala

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina mtoto wa kiume wa miaka mitano. Juzi tulipanda daladala Mbagala kwenda Kariakoo, akaja kukaa pembeni yetu dada mwenye ualbino. Mwanangu akajikunyata, kisha akauliza gari zima likasikia: "Mama, huyu zimwi?" Nikamfinya, nikamziba mdomo, tukashuka Mtoni Mtongani kabla ya safari yetu kwisha. Sasa kila siku ananiuliza kama "ile rangi" inaambukiza. Mama mkwe naye kamwambia watu wale hawafi, hupotea tu. Nimfundisheje?
Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na ule mfinyo. Mtoto kauliza, kajibiwa kwa maumivu, halafu kaona mama yake anakimbia gari aliyolipia nauli. Ungekuwa wewe una miaka mitano, usingeamini kuwa ni zimwi kweli?

Jioni hii mkalishe, umjibu kama alivyouliza. Mwambie: yule dada alizaliwa hivyo, kama wewe ulivyozaliwa na masikio ya babu yako. Ngozi yake ina rangi kidogo sana, kwa hiyo jua humuunguza haraka, ndiyo maana huvaa kofia pana na mikono mirefu. Haiambukizi, hata ukimshika mkono, hata mkila sahani moja. Basi. Ya vinasaba ni yako wewe: mtoto huupata ualbino akirithi kwa baba na mama wote wawili, na wao wenyewe wanaweza kuwa weusi tii wasijue wamebeba nini.

Sikucheki, maana mimi nilikosa zaidi yako. Nilifundisha chekechea Tanga miaka mingi. Mwaka mmoja nililetewa binti mwenye ualbino, nikamweka nyuma, karibu na dirisha, nikidhani apate hewa. Kila nikiandika ubaoni yeye anakunja uso, macho yanachezacheza, daftari tupu. Nikamwandika moyoni kuwa mzito. Mwezi mzima! Siku moja nikamkuta kaegemea meza yangu, kitabu kakigusisha pua, anasoma silabi ambazo wenzake wote hawajazifikia. Kumbe ubao hauoni, na mwanga wa dirisha unamchoma macho. Nikamhamishia mbele, kwenye kivuli.

Wenzake walikuwa hawamshiki mkono kwenye Ukuti Ukuti. Niliwasemesha wee, wapi. Kilichowaleta ni vitendawili. Bibi yake alimjaza vitendawili tele, na siku nilipompa zamu ya kutega, darasa zima lilishindwa, wakampa mji mara tatu. Mapumziko yalipofika walikuwa wamemzunguka wanadai vingine. Kwa hiyo usimwachie mwanao maneno matupu. Kama mtaani kwenu kuna fundi cherehani, muuza duka au mwalimu wa madrasa mwenye ualbino, mtume huko, akaagize, akarudishiwe chenji.

Kwa mama mkwe nenda kwa heshima, usimjibu mbele ya mtoto. Mwambie hao wanakufa kama sisi, na wengi wao saratani ya ngozi huwaondoa mapema kwa kukosa kinga ya jua. Mkumbushe na miaka ile ya 2000, watu walipokuwa wakikatwa viungo kwa ajili ya waganga. Aliyelelewa akiambiwa "hawa si watu kama sisi" huwa mwepesi kushawishika. Akibisha, mwambie Lindi Mjini mwaka 2010 walimpigia kura Salum Barwany, mwenye ualbino, akawa mbunge wao. Na lile neno "zeruzeru" mlitoe nyumbani kwenu kabisa, hata kwa utani. Watoto huokota zaidi ya tunavyodhani.

Siku nyingine akiuliza tena garini, usishuke. Mwambie, "Msalimie kwanza," akiamkia ndipo aulize. Wengi watamjibu, wengine watakuwa wamechoka na maswali tangu asubuhi, na hiyo ni haki yao. Wewe omba radhi, mwendelee na safari mpaka Kariakoo.