DT175 ya Zamani, Ekzosi Mpya: Usikubali Jeti Itobolewe

Kijana mmoja wa Korogwe ameniandikia: "Kaka shikamoo. Nina pikipiki ya zamani, Yamaha DT175, nimefunga ekzosi nyingine na nimetoa boksi la filta nikaweka filta ya wazi. Sailensi, yaani injini ikinguruma bila resi, iko safi, lakini nikivuta resi yote inakosa nguvu, inakata. Fundi anasema tutoboe jeti. Nikubali?"

Marahaba, mdogo wangu. Usikubali. Jeti ni kile kijiskrubu chenye tundu kinachopima petroli ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Swali lako limenifikia siku ambazo nina furaha, kwa sababu nimetoka kushuka na yangu kutoka Arusha hadi Tanga na kurudi, na haikukohoa hata mara moja. Ila furaha hiyo nimeilipia, na nataka wewe usilipe.

Yangu niliinunua kwa bwana mifugo mstaafu. CC 171, kabureta yake ya Mikuni, chuma ambacho wengi mtaani wanakiita mkweche. Mimi sikuwahi kukiita hivyo. Nikaifunga ekzosi ya tumbo na filta ya wazi, ikaanza tabia hiyo hiyo ya kwako. Fundi mmoja, ambaye simtaji, akachukua sindano ya cherehani akaichokonoa jeti kubwa, ile ya resi yote, mbele ya macho yangu. Ikawa inatoa moshi mzito na kumisi. Akaiziba kwa risasi, akatoboa upya kwa kukadiria. Sasa ikawa tamu ajabu, nyepesi, inaruka ukigusa tu resi.

Utamu ule ndio hatari yenyewe. Injini ya stroki mbili ikipata hewa nyingi na petroli kidogo huwa nyepesi na kali muda mfupi kabla ya kuungua. Petroli ndiyo inayopoza kichwa cha pistoni, na oili ikichanganywa kwenye tangi, ndiyo inayoibeba pia. Nilishuka nayo kuelekea Same, kwenye ile tambarare, resi yote, na pistoni ikashika kwenye silinda. Nilirudi Arusha juu ya lori la vitunguu. Kilichoniuma kuliko gharama ya kupiga boa, yaani kuchongesha silinda upya, ni kusikia kijiweni kwamba fundi amesema mimi sijui kuendesha. Mpaka leo nikipita pale sisimami.

Jambo ambalo fundi yule hakulitilia maanani ni kwamba Arusha iko juu, takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Jeti inayotosha Arusha inakuwa ndogo kadiri unavyoshuka, kwa sababu hewa inazidi kuwa nzito na petroli haiongezeki kwa kiasi hicho. Yeye aliiacha ikiwa imebana petroli tayari pale pale mjini. Mteremko ukamalizia.

Na kwa nini nasema isitobolewe? Jeti ina namba. Kwenye jeti nyingi za Mikuni namba inaeleza kiasi cha petroli kinachopita. Kwenye za Keihin, kampuni nyingine ya kabureta, inaeleza upana wa tundu, kwa hiyo 100 ni milimita 1.00. Ukitoka 100 kwenda 110 unaona umeongeza kidogo, kumbe eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 21. Sasa sindano ya cherehani inaongeza kiasi gani? Hakuna ajuaye, na tundu lenyewe halibaki duara. Ukishachokonoa, namba iliyopigwa pale ni uongo, na huna pa kurudi. Nunua jeti halisi tatu au nne zinazofuatana, hata kama itabidi uagize. Zile za kuiga zinazouzwa kwa mafungu nimezipima: mbili zenye namba moja hazipitishi sawa.

Kabla ya kugusa jeti, angalia mpira unaounganisha kabureta na injini. Pikipiki za umri huu mpira umekauka na una nyufa, na hewa ikiingia hapo hutapata jibu kamwe. Angalia pia kimo cha boya, kile kinachoelea ndani ya kabureta na kupima petroli inayoingia. Na kama umeondoa pampu ya oili unachanganya kwenye tangi, kumbuka kuwa ukizidisha oili unapunguza petroli inayopita kwenye tundu lile lile. Watu huongeza oili wakidhani wanailinda injini, kumbe wanaikausha.

Halafu sikiliza tatizo liko wapi kwenye resi. Bandika kipande cha utepe kwenye mkono wa resi, weka alama ya robo, nusu na robo tatu. Chini kabisa wanatawala jeti ndogo na skrubu ya hewa. Kuelekea robo, mkato wa slaidi, ule mlango wa kabureta unaoinuliwa na waya wa resi. Kuanzia robo hadi robo tatu ni sindano ya kabureta: ukishusha ngazi moja klipu inayoishikilia, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Jeti kubwa inatawala pale juu tu, resi ikiwa karibu yote. Wewe tatizo lako liko juu. Basi sailensi iliyo safi iache, usiiguse!

Pikipiki ikianza kukosa nguvu, vuta choki kidogo. Ikipata nafuu, ina njaa ya petroli. Ikizidi kuwa mbaya, petroli imezidi. Kwa ekzosi na filta kama zako naamini ina njaa. Anza na jeti kubwa yenye namba iliyozidi kiasi, mpaka injini igugumie juu, kisha shuka namba moja moja. Kila unaposhuka, tia plagi mpya, tafuta barabara tupu, vuta resi yote, kisha bana klachi na uzime injini hapo hapo. Fungua plagi utazame chini kabisa ya kaure, ile sehemu yake nyeupe, kwa ndani. Nyeupe yenye vidoadoa, rudisha jeti ya namba kubwa zaidi haraka. Nyeusi ya masizi, shusha. Kahawia, simama.

Vijana, tuache haraka. Tunataka pikipiki iimbe kesho asubuhi, ndiyo maana tunampa kila mwenye sindano ruhusa ya kuharibu kitu ambacho hakitengenezwi tena. Pikipiki hizi zilibeba mabwana shamba na manesi kwenye njia ambazo gari halikufika. Zinastahili mtu anayebadilisha kitu kimoja, anaandika kwenye daftari, ndipo anabadilisha kingine. Ukibadili jeti na klipu siku moja, hutajua kipi kilichosaidia. Narudia: kitu kimoja.

Wewe wa Korogwe una bahati, uko chini. Ipange hapo hapo nyumbani, na ukiteremka Tanga ongeza namba moja kwa usalama. Ukipanda Lushoto itakuwa nzito na itatoa moshi kidogo. Iache hivyo hivyo, usipunguze jeti kwa ajili ya safari ya siku moja halafu ukasahau ukishuka Mombo. Ukipata plagi yenye rangi, nitumie picha uliyoipiga mchana, nje, bila flashi, na uniandikie namba ya jeti iliyokuwemo.