Msomaji Anauliza: Rangi za Timu kwenye Roboti

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Dodoma. Katika mashindano ya roboti ya wanafunzi wetu tulibandika utepe mwekundu na wa kijani, lakini waamuzi walichanganya timu. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu Mwalimu, acheni kwanza kutumia nyekundu pamoja na kijani, kwa sababu watu wenye upofu wa rangi, ambao wengi wao ni wanaume, hushindwa hasa kutofautisha hizo mbili. Mashindano ya FIRST Robotics Competition yaliyoanzia Marekani, ambamo miungano miwili yenye roboti 3 kila mmoja hushindana, hutumia nyekundu na buluu. Rangi ya muungano hufunika bampa, yaani kinga za kuzuia migongano zinazoizunguka roboti, na juu yake huandikwa namba ya timu kwa rangi nyeupe. Utaratibu huo naupendelea sana, maana utepe mdogo huonekana upande mmoja tu, ilhali roboti hugeuka kila mara.

Shoneni vitambaa vya rangi hizo vinavyovalishwa roboti na kuvuliwa upesi, kwa kuwa timu moja yaweza kuwa nyekundu mechi hii na buluu mechi ijayo. Mkichezea nje, chagueni kitambaa kisichong'aa, kwani jua la Dodoma ni kali. Kabla ya mechi ya kwanza, mwamuzi asimame mahali pake na azisome namba zote akiwa hapo.