Mdogo wako asomee wapi sanaa za maonyesho?

Dada, umeuliza kama mdogo wako aliyemaliza kidato cha nne aende chuo kusomea uigizaji au ajifunzie mtaani tu. Aende! Mtaani atachangamka, sawa, lakini kutoa sauti ifike kiti cha mwisho bila kukauka koo ni kitu cha kufundishwa, na kinaanzia kwenye pumzi.

Bagamoyo kuna TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, chuo kilichoanza 1981, kina astashahada na stashahada. Ninachokipendea ni kwamba anayependa kuigiza anakutana pia na ngoma, muziki na ufundi wa jukwaa. Vikundi vyetu vingi ni vidogo: anayeigiza, akapiga ngoma na kufunga taa ndiye anayeitwa tena. Kama moyo wake uko kwenye ala za nyuzi kama udi na ganuni, na taarabu, basi chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) Zanzibar. Shahada ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ila kwanza kidato cha sita au stashahada nzuri.

Akiitwa usaili, awe na kipande kifupi alichokikariri vizuri na nguo za kuchezea. Na kabla hajajaza fomu, mpeleke Tamasha la Bagamoyo awaone wanafunzi wenyewe wa TaSUBa jukwaani.