Kuhara kwa mgonjwa anayepata tiba ya kinga: usianze na dawa ya kufunga tumbo

Je, mgonjwa wa saratani anayepata tiba ya kinga akiharisha, umpe loperamide, dawa ya kufunga tumbo? Hapana, usimpe kwa uamuzi wako kabla ya kuzungumza na timu inayomtibu, hata kama ilimfaa alipokuwa kwenye kemotherapi. Dawa kama pembrolizumab, nivolumab na ipilimumab huiachilia kinga ya mwili ipambane na saratani, na wakati mwingine kinga hiyo hiyo huugeukia utumbo. Ukimfunga tumbo tu, unaweza kuificha dalili huku utumbo ukiendelea kuvimba. Tiba kuu ya uvimbe huo ni steroidi, yaani dawa za kutuliza kinga na uvimbe, ambazo hupunguzwa taratibu kwa wiki kadhaa, wala hazikatizwi kwa sababu choo kimetulia.

Kwa vigezo vya CTCAE, ambavyo madaktari wa saratani huvitumia kupima ukali wa madhara ya tiba, hesabu huanzia kwenye kawaida ya mgonjwa mwenyewe: choo kikiongezeka kwa mara 4 au zaidi kwa siku juu ya kawaida yake, piga simu siku hiyo hiyo; kikiongezeka kwa mara 7 au zaidi, au kukiwa na damu, homa au maumivu makali ya tumbo, mpeleke hospitali bila kungoja kukuche. Bila shaka maambukizi ya kawaida nayo huharisha, ndiyo maana choo hupimwa kwanza.

Jambo ambalo wauguzaji wengi hawaambiwi ni kwamba madhara haya yanaweza kujitokeza miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo mweleze daktari wa zamu mapema kwamba mgonjwa alipata tiba ya kinga, na umtajie jina la dawa.