Uraia wa Roma haukugawiwa kama pipi

Jamani ndugu zangu, hili mnalonitumia kila wiki tulimalize leo: eti Waitalia wa sasa ndio wenye roho mbaya na makaratasi yao, ila Warumi wa kale walimpa uraia mgeni yeyote aliyeingia jeshini. Nani kawajaza hayo?

Walitoa, sikatai. Lakini kwenye vikosi vya wasio raia mtu alitumikia miaka 25, jeshi la majini 26, na karne ya 3 hao wa majini wakapandishiwa hadi 28. Ingia kijana, utoke na mvi. Kama utatoka.

Cheti chenyewe kilikuwa vibao viwili vya shaba. Amri ya Kaisari ilichongwa mara mbili: nje isomwe na yeyote, ndani isiguswe. Vibao vikafungwa pamoja kwa waya uliopitishwa kwenye matundu, na mashahidi 7 wakagonga mihuri yao juu ya waya. Ukishukiwa kuchezea maandishi ya nje, mihuri inavunjwa, ya ndani yanalinganishwa. Na hiyo ni nakala tu, amri yenyewe ilibandikwa Roma. Ukifukuzwa kwa aibu mwaka wa 24, hupati hata huo waya.

Halafu ubaguzi wake. Zipo kanuni za idara ya fedha ya Kirumi huko Misri, za karne ya 2. Mmisri aliyejipenyeza kwenye legioni, jeshi la raia, akamaliza utumishi bila kugundulika, anarudishwa kuwa Mmisri. Wapiga makasia walioachishwa, hivyo hivyo, isipokuwa wa kikosi cha majini cha Misenum, Italia, peke yao. Yaani ukikosea kikosi tu, makasia yote yale umevuta bure.

Misenum ndiyo hapa jirani na Napoli. Kijana Apion wa kijiji cha Filadelfia, Misri, alipofika alimwandikia baba yake: anamshukuru mungu Serapis kwa kumwokoa baharini, kapokea sarafu 3 za dhahabu za njiani, sasa anaitwa Antonius Maximus, na anatuma picha yake. Mnaujua mchezo huo. Picha inafika nyumbani kwanza, na jirani anaanza kumsukuma mwanawe.

Hela je? Imesalia hesabu ya askari mmoja, Quintus Julius Proculus, aliyelipwa Misri mwanzoni mwa miaka ya 80 ya karne ya 1. Malipo mara 3 kwa mwaka, drakma (sarafu za fedha) 248 kila mara. Kila mara anakatwa majani makavu 10, chakula 80, viatu na mikanda 12. Awamu ya kwanza kuna 20 za sikukuu ya Saturnalia hapo kambini, apende asipende. Awamu ya tatu, nguo 146. Jumlisheni wenyewe makato ya awamu hiyo ya tatu: 248. Sifuri. Halafu nyumbani wanasema amesahau kwao.

Familia ndipo panapouma. Askari hakuruhusiwa ndoa ya kisheria mpaka Kaisari Septimius Severus alipolegeza mwaka 197. Wenye vimada na watoto nje ya kambi walikuwa wengi tu. Siku ya cheti ulipewa haki ya ndoa halali na mke mmoja, lakini mke mwenyewe hapewi uraia. Watoto waliozaliwa utumishini waliingizwa pamoja na baba, hadi mwaka 140, Kaisari Antoninus Pius alipowakata wengi wa watoto wa vikosi vya nchi kavu. Baba raia, mtoto mgeni, chungu kimoja.

Mngekuwa vijana wa Filadelfia wakati huo ningewaambia bakini, limeni, mzeeke na mama zenu. Msingesikia, najua. Basi nendeni Misenum, msikubali meli za Alexandria hata wawabembeleze. Tumeni kidogo nyumbani. Hapana, mwaka wa kwanza msitume kitu, mwekeze kwenye akiba ya kikosi, maana viatu vitakatwa tu.

Mwaka 212 Kaisari Caracalla akawapa uraia karibu watu wote huru wa dola. Aliyejiandikisha mwaka 190 alikuwa keshatumikia miaka 22, akaupata siku moja na jirani yake aliyebaki kijijini akipalilia vitunguu.